Jinsi ya Kuweka Fonti Yako Kwenye Visanduku vya Kuandikia vya Programu ya Android

Wanaoanza kutengeneza programu za Android huuliza swali hili karibu kwa maneno yale yale: fonti nimeiweka, vichwa vya kurasa vimebadilika, vitufe vimebadilika, lakini mtumiaji akianza kuandika ndani ya kisanduku, herufi zinarudi kuwa zile za simu. Wengine hufanikiwa kwenye kisanduku cha jina, wakakwama kwenye cha nenosiri. Wengine huona kila kitu kimekaa sawa, mpaka siku ujumbe wa kosa utokee chini ya kisanduku ukiwa na sura nyingine kabisa.

Chanzo ni kimoja karibu kila mara. Kwa macho, kisanduku cha kuandikia ni kitu kimoja, lakini kwa Android ni maandishi mengi yanayoishi nyumba moja: anachoandika mtumiaji, lebo inayopanda juu anapogusa, kidokezo, kitangulizi kama vile +255, maelezo ya msaada, ujumbe wa kosa na kihesabu cha herufi. Kila mmoja wa wapangaji hawa ana mahali pake pa kuchukulia fonti, na ukimvika mmoja tu, wengine hubaki na nguo zao za zamani. Ukilishika hilo, hatua zilizo hapa chini hazitakusumbua.

Mfano tutakaoutumia ni fomu ya kujisajili katika programu ya kikundi cha akiba, yenye visanduku vinne: jina kamili, namba ya simu, kiasi cha kuweka, na nenosiri. Nitatumia mipangilio ya XML, lugha ya Kotlin na maktaba ya Material, kwa kuwa miradi mingi iliyopo imejengwa hivyo. Wanaotumia Compose, yaani njia ya kujenga kurasa kwa Kotlin bila XML, nao wana aya yao karibu na mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Android Studio, pamoja na mradi ambao tayari unajengeka bila kosa. Usianze kuweka fonti kwenye mradi wenye makosa mengine, kwa sababu hutajua lipi limeletwa na lipi.
- Maktaba ya `com.google.android.material` ikiwa imeongezwa kwenye mradi, na mandhari inayorithi `Theme.Material3`.
- Kurasa zinazorithi `AppCompatActivity`. Sharti hili wengi hulipuuza, kisha hushangaa fonti inapoonekana kwenye simu mpya na kukataa kwenye simu ya zamani.
- Mafaili ya fonti ya aina ya `.ttf` au `.otf`, pamoja na leseni inayokuruhusu kuyafungasha ndani ya programu.
- Simu halisi ya kujaribia. Ukipata mbili, moja ikiwa ya toleo la zamani la Android, ni bora zaidi.

Kuhusu leseni, tafadhali usikimbilie mbele. Fonti iliyomo kwenye kompyuta yako si lazima iwe yako kuigawa. San Francisco, ambayo Apple huitumia kwenye iPhone, hairuhusiwi kuwekwa ndani ya programu ya Android, hata kama unalo faili lake mkononi. Njia salama kwa anayeanza ni kuchagua fonti yenye leseni ya SIL Open Font License, toleo la 1.1, ambayo inaruhusu kuifungasha na programu, hata programu ya kuuzwa, ilimradi uambatanishe nakala ya leseni na usiiuze fonti yenyewe peke yake. Fonti nyingi zilizopo Google Fonts zina leseni hiyo.

Katika mwongozo huu nimechagua Atkinson Hyperlegible, na sababu yangu haihusiani na urembo. Fonti hii ilitolewa mwaka 2019 na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, na wabunifu wake walihangaika hasa na herufi zinazofanana: sifuri na O kubwa, namba moja, l ndogo na I kubwa. Mtu anayenakili namba ya kumbukumbu ya malipo, yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika, anajua uchungu wa kukosea sifuri na O. Kisanduku cha kuandikia ndipo mahali ambapo tofauti hiyo ina faida kuliko popote pengine kwenye programu. Fonti ya urembo iwekeni kwenye nembo. Kwenye kisanduku wekeni inayosomeka.

Hatua ya 1: Pakua fonti na uikague

Pakua Atkinson Hyperlegible kutoka Google Fonts. Utapata faili la zipu lenye mafaili manne ya `.ttf`, yaani herufi za kawaida, nzito, za mlazo, na nzito za mlazo, pamoja na faili la leseni. Fungua kila faili kwenye kompyuta yako kwa kulibofya mara mbili. Likifunguka na kuonyesha herufi, ni zima.

Kabla ya kuamua juu ya fonti yoyote, andika maneno haya kwenye kisanduku cha majaribio kilicho kwenye ukurasa wake: *ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, 0O 1lI, +255, 12,500/=*. Kiswahili hakina herufi zenye alama za ajabu juu, hivyo karibu kila fonti ya Kilatini hututosha, isipokuwa kwenye jambo moja, nalo ni ritifaa ya *ng'*. Kuna ritifaa iliyonyooka, ambayo kibodi nyingi za simu huitoa, na kuna iliyopinda, ambayo huja mtu anaponakili maandishi kutoka kwenye waraka. Baadhi ya fonti za mapambo zina moja tu. Herufi inapokosekana, Android huiazima kutoka kwenye fonti ya mfumo bila kukuuliza, na matokeo yake ni *ng'ombe* mwenye ritifaa inayoonekana kama mgeni aliyekosea mlango.

*Tahadhari.* Usipakue faili la `.woff` au `.woff2` kisha ukalibadilisha jina liishie na `.ttf`. Hayo ni mafaili ya tovuti. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo, na programu yako itaanguka pale itakapojaribu kuisoma fonti.

Hatua ya 2: Badilisha majina ya mafaili

Android inakubali herufi ndogo za a hadi z, tarakimu na mstari wa chini peke yake katika majina ya rasilimali, na jina lianze na herufi. Faili lililopakuliwa linaitwa `AtkinsonHyperlegible-Regular.ttf`, jina lenye makosa mawili kwa mpigo: herufi kubwa na kistari. Yape mafaili majina haya:

```
atkinson_kawaida.ttf
atkinson_nzito.ttf
atkinson_mlazo.ttf
atkinson_nzito_mlazo.ttf
```

Hatua hii ni ya dakika moja, nayo ndiyo inayoongoza kwa kukwamisha watu.

Hatua ya 3: Tengeneza folda ya fonti

Ndani ya Android Studio, bofya folda ya `res` kwa kitufe cha kulia, chagua New, kisha Android Resource Directory. Kwenye orodha ya aina ya rasilimali chagua `font`, halafu kubali. Nakili mafaili yako manne ndani ya folda hiyo mpya.

Miongozo ya zamani itakuelekeza kuweka fonti kwenye folda ya `assets` na kuisoma kwa msimbo. Njia hiyo ingali inafanya kazi, lakini tangu Android 8.0 ilipotoka mwaka 2017 folda ya `res/font` ndiyo njia ya kawaida, na maktaba ya AppCompat huifikisha hata kwenye matoleo yaliyotangulia. Usichanganye njia zote mbili katika mradi mmoja.

Hatua ya 4: Unganisha mafaili yawe familia moja

Mafaili manne yaliyotawanyika hayajui kwamba ni ndugu. Ukimwambia Android aandike kwa herufi nzito bila kumwonyesha faili la herufi nzito, atazinenepesha herufi za kawaida kwa nguvu, na maandishi yatatoka kama yamelowa. Ndani ya `res/font` tengeneza faili jipya liitwalo `familia_atkinson.xml`:

```xml
<?xml version="1.0" encoding="utf-8"?>
<font-family
    xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android"
    xmlns:app="http://schemas.android.com/apk/res-auto">

    <font
        android:font="@font/atkinson_kawaida"
        android:fontStyle="normal"
        android:fontWeight="400"
        app:font="@font/atkinson_kawaida"
        app:fontStyle="normal"
        app:fontWeight="400" />

    <font
        android:font="@font/atkinson_nzito"
        android:fontStyle="normal"
        android:fontWeight="700"
        app:font="@font/atkinson_nzito"
        app:fontStyle="normal"
        app:fontWeight="700" />
</font-family>
```

Ongeza mafaili mawili ya mlazo kwa mtindo huo huo, ukiweka `italic` mahali pa `normal`. Marudio ya `android:` na `app:` yanachosha macho, lakini yana kazi: ya kwanza husomwa na mfumo wenyewe kuanzia Android 8.0, na ya pili husomwa na AppCompat kwenye simu zilizo chini ya hapo. Kama programu yako haikubali simu iliyo chini ya Android 8.0, unaweza kuacha ya pili.

*Tahadhari.* Usilipe faili la familia jina linalofanana na la faili la fonti. `atkinson.ttf` na `atkinson.xml` ndani ya folda moja ni rasilimali mbili zenye jina moja, na ujenzi utakataa.

Hatua ya 5: Andika mitindo ya herufi

Hapa ndipo wengi hukatisha safari. Huandika `android:fontFamily` kwenye kisanduku, wakaona herufi zimebadilika, wakafunga kompyuta. Sisi tutatengeneza mitindo miwili, mmoja wa maandishi makubwa ya ndani ya kisanduku na mwingine wa maandishi madogo yanayokizunguka. Fungua `res/values/themes.xml`, au faili lolote la mitindo ulilo nalo, uongeze:

```xml
<style name="Herufi.Kubwa" parent="TextAppearance.Material3.BodyLarge">
    <item name="fontFamily">@font/familia_atkinson</item>
    <item name="android:fontFamily">@font/familia_atkinson</item>
</style>

<style name="Herufi.Ndogo" parent="TextAppearance.Material3.BodySmall">
    <item name="fontFamily">@font/familia_atkinson</item>
    <item name="android:fontFamily">@font/familia_atkinson</item>
</style>
```

Mtindo wa kwanza unarithi ukubwa wa 16sp na wa pili 12sp. Acha vipimo hivyo kama vilivyo, na usishawishike kuandika `dp` mahali pa `sp`. Herufi za `sp` hukua mtumiaji anapoongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu yake, na mzee anayesoma fomu yako bila miwani anautegemea uwezo huo.

Hatua ya 6: Vika kisanduku chote

Sasa tunamgawia kila mpangaji nguo yake mahali pamoja, ili usirudie kazi hii kwenye kila kisanduku cha programu:

```xml
<style name="Kisanduku" parent="Widget.Material3.TextInputLayout.OutlinedBox">
    <item name="hintTextAppearance">@style/Herufi.Ndogo</item>
    <item name="helperTextTextAppearance">@style/Herufi.Ndogo</item>
    <item name="errorTextAppearance">@style/Herufi.Ndogo</item>
    <item name="counterTextAppearance">@style/Herufi.Ndogo</item>
    <item name="counterOverflowTextAppearance">@style/Herufi.Ndogo</item>
    <item name="prefixTextAppearance">@style/Herufi.Kubwa</item>
    <item name="suffixTextAppearance">@style/Herufi.Kubwa</item>
    <item name="placeholderTextAppearance">@style/Herufi.Kubwa</item>
</style>
```

Naomba utazame mstari wa `prefixTextAppearance` kwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe uliwahi kuniaibisha. Nilimkabidhi mteja fomu niliyoamini imekamilika, na namba ya simu ikawa inaonekana hivi: +255 kwa Roboto, fonti ya simu yenyewe, na tarakimu tisa zinazofuata kwa fonti ya mteja. Mwanzo wa namba ulikuwa mwembamba, mwisho wake mpana, na 5 ya kwanza haikufanana na 5 iliyokuja baadaye. Nilikuwa nimeweka fonti kwa msimbo kwenye kisanduku na kwenye fremu yake ya nje (`TextInputLayout`), nikadhani nimemaliza, kumbe njia hiyo huifikia lebo, maelezo, ujumbe wa kosa na kihesabu, na kukiruka kitangulizi.

Hatua ya 7: Tumia mtindo kwenye mpangilio

```xml
<com.google.android.material.textfield.TextInputLayout
    android:id="@+id/kisanduku_simu"
    style="@style/Kisanduku"
    android:layout_width="match_parent"
    android:layout_height="wrap_content"
    android:hint="Namba ya simu"
    app:helperText="Andika tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo"
    app:prefixText="+255">

    <com.google.android.material.textfield.TextInputEditText
        android:id="@+id/simu"
        android:layout_width="match_parent"
        android:layout_height="wrap_content"
        android:fontFamily="@font/familia_atkinson"
        android:inputType="phone" />

</com.google.android.material.textfield.TextInputLayout>
```

Fremu ya nje hubeba lebo na maelezo. Kisanduku cha ndani hubeba kile anachoandika mtumiaji. Ndiyo maana `style` iko nje na `fontFamily` iko ndani. Rudia kwa visanduku vya jina, kiasi na nenosiri, ukibadilisha `id`, lebo na `inputType` ipasavyo; cha nenosiri kipe `kisanduku_nenosiri` kwenye fremu na `nenosiri` ndani.

Acha urefu uwe `wrap_content`. Ukilazimisha `40dp` kwa sababu mchoro wa mbunifu unasema hivyo, mikia ya herufi g, j, p na y itakatwa kwenye simu ya kwanza yenye maandishi makubwa, na Kiswahili kina g na y nyingi kupita kiasi. Android 14 inamruhusu mtumiaji kukuza maandishi hadi asilimia 200.

Hatua ya 8: Shughulikia nenosiri peke yake

Kisanduku cha nenosiri ni mtoto mkaidi. Unapoandika `android:inputType="textPassword"`, Android yenyewe hukiwekea kisanduku fonti ambayo kila herufi ina upana sawa, bila kujali ulichokiomba. Ikiwa umeweka `fontFamily` kwenye XML, huenda ikashinda au ikashindwa, kulingana na toleo la Android na la maktaba. Usiiachie bahati. Iweke kwa msimbo baada ya mpangilio kupakiwa:

```kotlin
setContentView(R.layout.fomu_usajili)

val fonti = ResourcesCompat.getFont(this, R.font.familia_atkinson)
val fremu = findViewById<TextInputLayout>(R.id.kisanduku_nenosiri)
val nenosiri = findViewById<TextInputEditText>(R.id.nenosiri)

nenosiri.typeface = fonti
fremu.typeface = fonti
```

Mistari miwili ya mwisho yote inahitajika, kwa kuwa kuiwekea fremu fonti hakukigusi kisanduku kilichomo ndani yake.

Halafu kuna lile jicho la kuonyesha nenosiri. Tumia lile linalokuja na maktaba, kwa kuandika `app:endIconMode="password_toggle"` kwenye fremu. Lenyewe hubadilisha namna maandishi yanavyofichwa na haligusi `inputType`, hivyo fonti yako inabaki. Wanaotengeneza jicho lao wenyewe kwa kawaida huita `setInputType` kila linapobofywa, na kila wito huo huirudisha ile fonti ya upana sawa. Ukilazimika kutengeneza la kwako, fanya hivi:

```kotlin
fun onyesha(wazi: Boolean) {
    val mahali = nenosiri.selectionEnd
    nenosiri.transformationMethod =
        if (wazi) null else PasswordTransformationMethod.getInstance()
    nenosiri.setSelection(mahali)
}
```

Mstari wa mwisho unakirudisha kielekezi mahali kilipokuwa. Bila huo kinaweza kurukia mwanzo wa nenosiri, na mtumiaji akaendelea kuandika mahali pasipo pake bila kujua.

Jambo dogo ambalo huenda usiligundue mpaka ulitazame kwa karibu: vile vidoto vinavyoficha nenosiri navyo ni herufi, na huchorwa kwa fonti iliyowekwa kwenye kisanduku. Ukibadilisha fonti, vidoto vinaweza kuongezeka au kupungua ukubwa. Hilo si kosa lako.

Hatua ya 9: Jaribu kwa mpangilio huu

1. Jenga programu upya na uifungue kwenye simu. Usiridhike na picha ya onyesho iliyo ndani ya Android Studio, maana haikuonyeshi mtu akiandika.
2. Gusa kila kisanduku kikiwa kitupu, utazame lebo inavyopanda. Fonti isibadilike inapokuwa safarini.
3. Andika *Ng'ambo 0O 1lI* kwenye jina, kisha ubandike neno lenye ritifaa iliyopinda kutoka kwenye waraka mwingine.
4. Andika namba ya simu, uilinganishe 5 ya +255 na 5 utakayoiandika.
5. Sababisha kosa kwa makusudi kwenye kila kisanduku, usome ujumbe wake.
6. Andika nenosiri, bofya jicho mara tatu, uangalie herufi na kielekezi.
7. Izungushe simu iwe ya kulala, kisha uirudishe.
8. Nenda kwenye mipangilio ya simu, ongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho, urudi kwenye fomu.

Ya 5 na ya 8 ndizo zinazorukwa zaidi, na ndizo zinazoleta malalamiko baada ya programu kutoka.

Kwa wanaotumia Compose

Mafaili ya fonti yanakaa kwenye `res/font` ile ile, ila hamna haja ya faili la familia la XML, familia inaundwa kwa Kotlin, kwa `FontFamily(Font(R.font.atkinson_kawaida, FontWeight.Normal), Font(R.font.atkinson_nzito, FontWeight.Bold))`. Mtego ni ule ule: sifa ya `textStyle` ya kisanduku inabadilisha anachoandika mtumiaji tu, wakati lebo na maelezo huchukua fonti kutoka `MaterialTheme.typography`. Kwa hiyo ibadilishe fonti kwenye `Typography` ya mandhari, hasa `bodyLarge` na `bodySmall`, badala ya kuhangaika na kisanduku kimoja kimoja.

Mambo yakikataa

*Ujenzi unagoma na kutaja jina la faili.* Rudi hatua ya 2. Mara nyingi kuna kistari, nafasi au herufi kubwa iliyosahaulika. Kuna kompyuta zinazoficha kiambishi cha mwisho cha faili, nawe ukajikuta na `atkinson_nzito.ttf.ttf` bila kujua.

*Programu inaanguka na kusema rasilimali ya fonti haikuweza kupatikana.* Faili lenyewe ni bovu. Litazame ukubwa wake: faili la fonti ya Kilatini kama hii huwa makumi ya kilobaiti. Kama ukubwa wa faili lako uko mbali na huo, huenda ulihifadhi ukurasa wa tovuti ukidhani ni fonti, au ni `.woff2` iliyobatizwa jina. Pakua upya.

*Fonti inaonekana kwenye simu mpya, haionekani kwenye ya zamani.* Angalia kama ukurasa unarithi `AppCompatActivity` na kama faili la familia lina sifa za `app:`.

*Kisanduku kilichoundwa kwa msimbo hakifuati fonti.* Ukiandika `EditText(this)`, AppCompat haipati nafasi ya kukibadilisha, kama inavyofanya kwa vile vya kwenye XML. Tumia `TextInputEditText` au `AppCompatEditText`. Tatizo hili hupatikana sana ndani ya visanduku vya mazungumzo vinavyomwuliza mtumiaji jambo moja, kama kiasi cha kutoa.

*Orodha ya mikoa inayoshuka chini ya kisanduku ina fonti nyingine.* Kila mstari wa orodha una mpangilio wake. Acha kutumia `android.R.layout.simple_list_item_1`, utengeneze faili lako lenye `TextView` moja iliyopewa `textAppearance` ya `Herufi.Kubwa`.

*Herufi moja moja zina sura tofauti na nyingine.* Fonti yako haina herufi hizo, na Android imeziazima. Hali hii hujitokeza pia kwa watumiaji wa Oman au Zanzibar wanaoandika majina yao kwa herufi za Kiarabu. Huko fonti ya Kilatini haina la kufanya, na utalazimika kutafuta fonti ya Kiarabu inayoendana nayo au kuridhika na ya mfumo.

*Maandishi yamekatwa juu au chini.* Tafuta `android:includeFontPadding="false"` na urefu uliolazimishwa, uviondoe vyote viwili, kisha ujaribu tena.

*Tarakimu za kiasi zinacheza kushoto na kulia mtumiaji anapoandika.* Fonti inatumia tarakimu zenye upana tofauti. Jaribu `android:fontFeatureSettings="tnum"` kwenye kisanduku. Inafanya kazi ikiwa tu waliotengeneza fonti waliweka tarakimu za upana sawa ndani yake.

*Kibodi haijabadilika.* Wala haitabadilika. Kibodi ni programu nyingine kabisa, na fonti yake iko mikononi mwa mwenye simu. Vivyo hivyo, maandishi yanayotumwa kwenye seva hayabebi fonti yoyote. Atakayeyafungua kwenye kompyuta ya ofisini atayaona kwa fonti ya huko.

*Kila kitu kiko sahihi lakini hakuna kinachobadilika.* Chagua Build, kisha Clean Project, uiondoe programu kwenye simu na uisakinishe upya. Ikikataa bado, fungua faili la mpangilio ulithibitishe kuwa ndilo linalopakiwa kweli na ukurasa huo, maana miradi mingi ina folda ya `layout` na nyingine ya `layout-land`, na unaweza kuhariri ya kwanza asubuhi nzima huku simu imelala upande ikisoma ya pili.